Kioo ndani ya bodi za saketi: kwa nini nyuzi zilishinda bamba

Hapa kwa kawaida tunazungumzia programu, lakini programu lazima ikae juu ya kitu. Leo tuzungumzie hicho kitu chenyewe, yaani bodi ya saketi, ile ya kijani ambayo fundi huitoa akifungua kompyuta au simu.

Bodi hiyo imetengenezwa kwa nini? Ukiuliza watu kumi, wengi watakujibu plastiki. Hiyo rangi ya kijani ni rangi ya kufunika tu, na ukiikwangua utakuta shaba, na chini ya shaba utakuta kitambaa. Ndiyo, kitambaa kilichofumwa kama shuka, ila nyuzi zake ni za kioo. Kitambaa hicho kimelowekwa kwenye gundi ya epoksi kikashindiliwa kwa joto mpaka kikawa kigumu kama ubao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ni kioo.

Sasa ndipo penye swali la leo. Kama kioo ni kizuri kiasi hicho, mbona tunakitumia kikiwa nyuzi na si bamba zima kama la dirisha? Watu wamelijaribu jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Wengi walishindwa, na wachache walifaulu mahali ambapo hatukutazama. Mwaka 2023 kampuni kubwa ya chipu ilitangaza kwamba zamu ya bamba imefika. Twende polepole tuone tulifikaje hapo.

Kabla ya kioo

Redio za zamani hazikuwa na bodi. Kila kifaa kilifungwa kwenye fremu ya bati, kisha mfanyakazi akalehemu waya mmoja mmoja kwa mkono kutoka kifaa hiki hadi kile. Kazi ilikuwa ndefu na makosa yalikuwa mengi.

Wazo la kulaza waya bapa juu ya ubao ni la zamani. Albert Hanson, aliyekuwa Berlin, aliomba hataza ya wazo la namna hiyo mwaka 1903. Mwaka 1925 Charles Ducas wa Marekani naye aliomba hataza ya kuchora njia za umeme kwa wino wenye metali. Shida ilikuwa ubao wenyewe. Unahitaji kitu kisichopitisha umeme, kisichoyeyuka ukilehemu, na kinachotobolewa kwa urahisi.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani. Mwaka 1907 aliomba hataza ya bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kiwandani. Ukiloweka karatasi ndani ya utomvu huo kisha ukaishindilia kwa joto, unapata bamba la kahawia, jepesi na rahisi.

Mtu anayetajwa zaidi katika historia hii ni Paul Eisler. Alikuwa mhandisi Myahudi kutoka Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936, na huko akatengeneza redio yenye njia za umeme zilizochapishwa. Njia yake ndiyo tunayoifuata mpaka leo. Unabandika karatasi nyembamba ya shaba juu ya bamba, unachapa ramani ya njia zako kwa wino usioliwa na asidi, kisha unatumbukiza bamba ndani ya asidi. Shaba isiyo na wino inaliwa, iliyo chini ya wino inabaki. Vita vilipoanza, Waingereza walimweka kizuizini mwaka 1940 kama raia wa nchi adui, ingawa aliwakimbia Wanazi. Baada ya kuachiliwa alifanya kazi na kampuni ya uchapaji wa muziki, na mwaka 1943 akaomba hataza zake.

Marekani nao walikuwa na haraka yao. Walihitaji redio ndogo ya kuwekwa ndani ya kombora, ili lilipuke likikaribia shabaha bila kuigusa. Karatasi ya bakelaiti isingefaa. Kampuni ya Centralab ilichapa njia za fedha juu ya vigae vidogo vya kauri, kisha ikavichoma tanuruni. Kumbuka hiyo kauri, kwa sababu tutairudia.

Ajali ya mwaka 1932

Kioo kilikuwa kinajulikana tangu zamani kama kihami kizuri cha umeme. Katika karne ya 19 waya za telegrafu zilifungwa kwenye vikombe vya kioo juu ya nguzo. Lakini kioo cha bamba kina kasoro tatu ambazo mtu yeyote aliyewahi kubadilisha kidirisha anazijua: kinavunjika ghafla, ni kigumu kutoboa, na hakishiki kitu vizuri kwa sababu uso wake unateleza.

Mwaka 1932 kijana mmoja, Dale Kleist, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Owens-Illinois nchini Marekani. Alikuwa anajaribu kuunganisha matofali ya kioo kwa kunyunyizia kioo kilichoyeyuka. Upepo wa mashine ukakigeuza kile kioo kikawa nyuzi nyembamba sana. Mkubwa wake, Games Slayter, aliona mara moja kwamba huo haukuwa uchafu wa kufagia. Kazi yao ilizaa biashara mpya, na mwaka 1938 ikaundwa kampuni ya Owens-Corning Fiberglas. Aina moja ya nyuzi hizo iliundwa kwa ajili ya kazi za umeme, ndiyo maana ikaitwa kioo cha E. Mpaka leo kioo cha E ndicho kilicho ndani ya bodi nyingi.

Kwa nini uzi ni tofauti na bamba? Kioo huvunjika kwa sababu ya nyufa ndogo usoni mwake. Ufa ukianza upande mmoja wa bamba unakimbia mpaka upande wa pili bila kuzuiwa. Ukiwa na maelfu ya nyuzi ndani ya gundi, ufa ukikata uzi mmoja unafika kwenye gundi na kusimama, na nyuzi za jirani zinaendelea kubeba mzigo. Ni habari ile ile ya fimbo moja na mzigo wa fimbo.

Gundi yenyewe ilitoka kwingine. Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani, kila mmoja kivyake, walifanyia kazi utomvu wa epoksi katika miaka ya 1930 na 1940. Epoksi inashika shaba, inashika kioo, na ikishakauka hairudi kuwa maji hata uipashe moto.

Mwaka 1949 Moe Abramson na Stanislaus Danko, wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, walionyesha jinsi ya kuchomeka vifaa kwenye matundu ya bodi na kulehemu vyote kwa mara moja kwa kuichovya. Hapo bodi ikawa kitu cha kiwandani. Katika miaka ya 1950 kitambaa cha kioo na epoksi kilianza kuchukua nafasi ya karatasi kwenye mitambo ya gharama, na mwaka 1968 chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, NEMA, kiliipa aina isiyoshika moto kirahisi jina la FR-4. Jina hilo bado lipo. Bamba la kahawia la karatasi nalo halikufa, na ukifungua redio ya bei ya chini utaliona.

Kasoro za FR-4

Usidhani FR-4 ni kamili. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Bell Labs waliona bodi zikipata shoti bila sababu ya wazi. Unyevu ulikuwa ukipenya pale uzi wa kioo unapokutana na gundi, na shaba ikawa inaota kama mzizi kufuata uzi, kutoka njia moja hadi nyingine. Kwa hiyo nyuzi zilizoipa bodi nguvu ndizo zilizompa adui barabara.

Kasoro ya pili inatuhusu sisi wa programu zaidi kuliko tunavyofikiri. Ndani ya bodi mawimbi husafiri karibu sentimita 15 kwa kila nanosekunde, lakini kasi inategemea yanapita juu ya nini. Juu ya uzi wa kioo yanachelewa, juu ya gundi yanawahi. Kitambaa kina nyuzi na kina nafasi kati ya nyuzi. Ukiwa na njia mbili zinazobeba data pamoja, moja ikalala juu ya uzi na nyingine juu ya gundi, zinafika kwa nyakati tofauti. Kwa kasi za zamani hakuna aliyejali. Kwa kasi za gigabiti nyingi, wahandisi wengine hulazimika kuinamisha mchoro mzima nyuzi chache ili njia zisifuate mfumo wa kitambaa.

Kasoro ya tatu ni joto, na hapa naomba tupige hesabu kidogo. Silikoni hutanuka kama sehemu 3 katika milioni kwa kila digrii moja. FR-4 hutanuka kama sehemu 15. Chukua upana wa milimita 50 na uongeze joto kwa digrii 200, kama inavyotokea wakati wa kulehemu. Silikoni itatanuka milimita 0.03. Bodi itatanuka milimita 0.15. Tofauti ni milimita 0.12, yaani unene wa karatasi nzito. Kama viungo vyako ni vikubwa, si kitu. Kama una maelfu ya viungo vidogo kuliko hiyo tofauti yenyewe, unaweza kuona shida ilipo.

Kioo cha bamba, kwa mfano kile cha vyombo vya kupikia, hutanuka sehemu 3.3 hivi. Kinakaribiana sana na silikoni. Uso wake ni laini, hakinywi unyevu, na hakina kitambaa ndani. Kwenye karatasi ya hesabu, kinashinda.

Bamba linajaribiwa

Mfano ninaoupenda ni wa Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za huko zilikuwa kwenye vita vya vikokotoo. Mwaka 1972 Casio ilitoa Casio Mini kwa yeni 12,800, bei iliyowatisha wapinzani wote. Sharp ilijua haiwezi kushinda kwa bei peke yake. Mwaka 1973 ikatoa EL-805, kikokotoo chenye skrini ya LCD. Ndani yake hakukuwa na bodi ya kawaida. Skrini, njia za umeme na chipu vyote vilikaa juu ya bamba moja la kioo. Betri moja ndogo ya AA iliweza kukiendesha kama saa 100, wakati vikokotoo vingine vilikuwa vinakula betri kama moto unavyokula nyasi.

Kwa hiyo bodi ya kioo kizima iliuzwa madukani mwaka 1973. Hata hivyo haikudumu. Vikokotoo vilivyofuata vilirudi kwenye bodi za kawaida, LCD ikiwa kipande cha pembeni. Kukusanya kila kitu juu ya kioo kimoja kuna gharama yake: kitu kimoja kikiharibika, umepoteza vyote.

Lakini kioo hakikuondoka. Kilijificha ndani ya skrini. Miaka hiyo hiyo, T. Peter Brody na wenzake wa Westinghouse nchini Marekani walikuwa wanatandaza transista moja kwa moja juu ya kioo, moja kwa kila nukta ya picha. Westinghouse iliuacha mradi huo mwishoni mwa miaka ya 1970, na Wajapani ndio walioufikisha sokoni. Corning nayo ilikuwa na njia ya kuteremsha kioo kilichoyeyuka hewani bila kugusa chochote, ili uso wake uwe safi kabisa. Njia hiyo ilitengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya vioo vya mbele vya magari, ikakosa soko, ikawekwa kando, kisha ikapata kazi kwenye skrini za kompyuta.

Tazama simu yoyote ya vitufe. Ukingoni mwa kioo cha skrini kuna chipu nyembamba ndefu iliyobandikwa juu ya kioo chenyewe. Haikulehemiwa. Chini yake kuna utepe wa gundi wenye chembe ndogo za duara zilizopakwa metali. Ukishindilia, chembe zinabanwa kati ya mguu wa chipu na njia iliyo kwenye kioo, na umeme unapita kwenda juu na chini tu, si pembeni. Hiyo ni bodi ya saketi ya kioo, na mamilioni ya watu wamezibeba mfukoni bila kujua.

Kwenye kompyuta kubwa njia ilikuwa nyingine. IBM ilikuwa imeshikilia kauri tangu miaka ya 1960. Mwaka 1990 ilitangaza mashine za ES/9000 zilizobeba chipu juu ya msingi wa mchanganyiko wa kioo na kauri, wenye tabaka 63 na njia za shaba, ulioundwa utanuke sawa na silikoni. Ulikuwa kazi nzuri sana na ghali sana. Kompyuta za mezani hazikuweza kuulipia. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa chipu walihama kutoka kauri kwenda misingi ya nyuzi za kioo na utomvu, na kuanzia 1999 ikatumika filamu nyembamba ya kuhami iliyotengenezwa na Ajinomoto, ndiyo, wale wale wa kiungo cha chakula. Kwa mara nyingine nyuzi na gundi zikashinda.

Tangazo la 2023

Mwezi wa Septemba 2023, Intel ilitangaza kwamba baada ya utafiti wa zaidi ya miaka kumi itaweka kiini cha kioo cha bamba chini ya chipu zake katika nusu ya pili ya mwongo huu. Kazi hiyo ilifanyika Chandler, jimbo la Arizona, ambako kampuni ilisema imewekeza zaidi ya dola bilioni 1. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza hadi dola milioni 75 kwa Absolics, kampuni tanzu ya SKC ya Korea Kusini, kwa kiwanda cha misingi ya kioo huko Covington, Georgia.

Kilichobadilika ni nini? Kasoro zile tatu za kioo zilipata dawa, moja baada ya nyingine. Matundu hayatobolewi kwa keekee tena. Mwali wa leza unapita ndani ya kioo na kukidhoofisha mahali padogo, kisha asidi inakula pale palipodhoofika haraka kuliko pengine, na unapata tundu safi lisilo na nyufa. Shaba haishiki kioo, kwa hiyo hupakwa kwanza tabaka jembamba la metali inayoshika, kama titani. Kuvunjika bado ni tatizo, hasa ukingoni, lakini viwanda vya skrini vimefundisha dunia jinsi ya kubeba mabamba membamba ya kioo bila kuyapasua.

Na chipu zenyewe zimekuwa kubwa. Ile hesabu ya milimita 0.12 ilikuwa kero ndogo wakati chipu ilikuwa ndogo kama ukucha. Sasa vipande vingi vya silikoni vinawekwa pamoja juu ya msingi mmoja mpana, na msingi wa epoksi unajikunja kwa joto kama chapati kwenye kikaango.

Fundi yuko wapi?

Ningeweza kuishia hapo nikasema teknolojia inaendelea. Lakini historia hii ina upande mwingine, na kwetu ndio mzito.

FR-4 haikushinda kwa sababu ilikuwa bora maabara. Ilishinda kwa sababu mtu wa kawaida anaweza kuitoboa, kuiangusha, kuilehemu na kuilehemu tena. Bodi ya FR-4 ikiungua njia moja, fundi wa Luthuli Avenue anaruka pale kwa waya na simu inarudi kazini. Skrini ikipasuka hawezi kufanya hivyo, hata kama chipu iliyobandikwa pale ni nzima. Anatupa kioo chote na kukuuzia kingine. Tofauti ya bei unayolipa kati ya kazi hizo mbili inatokana moja kwa moja na bamba la kioo na ule utepe wa gundi.

Kwa sasa kioo kinachozungumziwa kitakaa chini ya chipu kubwa za seva, na hizo hakuna fundi wa mtaani anayezifungua. Lakini LCD nayo ilianza kwenye vikokotoo vya wenye pesa. Kama kioo kitashuka mpaka kwenye bodi yenyewe, kila kifaa kitakuwa kama skrini: kinafanya kazi vizuri sana mpaka siku kinapopasuka, na hapo kinatupwa chote.

Upande wa taka nao, haki lazima isemwe, FR-4 si malaika. Epoksi haiyeyuki tena, kwa hiyo huwezi kutenganisha kioo na gundi kirahisi. Kwenye majalala kama Dandora watu huchoma vifaa ili wapate shaba, na kile kinachozuia bodi isishike moto ni kemikali za bromini ambazo moshi wake ni sumu. Shaba inauzwa, na kitambaa cha kioo kinabaki majivuni. Bamba tupu la kioo lisilo na epoksi lingekuwa safi zaidi kwa mtu anayeokota. Lakini misingi inayojengwa sasa si mitupu. Juu ya kiini cha kioo kuna tabaka za utomvu zile zile, kwa hiyo tusitegemee kwamba tatizo la moshi litaondoka lenyewe.

Kwa hiyo mtu akikuambia kioo ni bora kuliko FR-4, muulize bora kwa nani. Kwa mawimbi, ndiyo. Kwa joto, ndiyo. Kwa anayetengeneza na anayeokota, jibu litategemea jinsi bodi hizo zitakavyoundwa, na uamuzi huo unafanywa sasa hivi, Arizona na Georgia, na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kibanda cha fundi.

Mwenye swali au nyongeza, hasa ninyi mafundi mnaoshika bodi hizi kila siku, andikeni hapo chini. Tutaonana wiki ijayo na mambo ya programu.